Namna ya Kuunda Chama cha Watumiaji wa Mto Jijini Nairobi: Mwongozo Kamili

Kila baada ya mvua kubwa, mitaa ya Nairobi iliyo kando ya mto hujaa glavu, reki na fulana mpya. Takataka hutolewa, picha hupigwa, na baada ya wiki chache ukingo unarudi ulivyokuwa. Usafi ni kazi njema. Lakini anayefungulia choo mtoni usiku hajaulizwa, mwenye kiwanda hajaulizwa, mkulima wa sukuma wiki hajaulizwa, wala yule wa kule juu Kikuyu anayevuta maji kwa pampu. Mto wenye watumiaji wengi hauwezi kutunzwa na kundi moja lenye moyo mzuri. Lazima watumiaji wenyewe wakubaliane nani anachukua nini, nani anamwaga nini, na nani anaweka hesabu. Katika hayo matatu, hesabu ndiyo husahauliwa, nayo ndiyo inayobeba mengine yote.

Mwongozo huu ni wa mtu au kikundi kinachotaka kuanzisha chama cha watumiaji wa rasilimali za maji, kile ambacho maofisini na mashinani kinajulikana kama WRUA. Sheria ya Maji ya 2016, kifungu cha 29, inakitambua kama chama cha jamii chenye kazi mbili: kusimamia maji kwa ushirikiano na kusuluhisha migogoro ya matumizi yake. Vyama vya aina hii vilianza kushika mizizi huku Kenya katika bonde la Ewaso Ng'iro, chini ya Mlima Kenya, miaka ya tisini, wakulima wa juu na wafugaji wa chini walipokuwa wakigombania mto uliokuwa ukikauka kiangazi. Jijini tatizo ni tofauti kidogo. Sisi hatugombanii tu uchache wa maji; tunagombania uchafu wake na ardhi iliyo kando yake. Kwa hiyo hatua nyingi hapa nimezipanga kwa hali ya Nairobi.

Kabla ya yote: jua uko bonde gani

Nairobi, kwa sehemu kubwa, inakunywa maji ya bonde moja na kumwaga uchafu kwenye bonde jingine. Ndakaini, bwawa lenye uwezo wa takriban mita za ujazo milioni 70, na Sasumua, yote yako bonde la Tana. Maji yale yakishapita kwenye sinki na vyoo vyetu, yanaishia Mto Nairobi na vijito vyake, ambavyo ni vya bonde la Athi. Athi nayo inateremka kupitia Machakos na Makueni, inakuwa Galana, halafu Sabaki, na kuingia Bahari Hindi karibu na Malindi.

Maana yake ni kwamba una majirani wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wanaokutunzia maji ya kunywa: mkulima wa Murang'a au Nyandarua anayechimba matuta na kupanda nyasi ili udongo usiingie bwawani. Kwa hao kuna mpango unaofanya kazi tayari, Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, uliozinduliwa 2015, ambapo wanaotumia maji hayo huku chini huchangia gharama za wakulima wa juu. Wa pili ni wale wanaopokea ulichomwaga. Chama chako kitashughulika zaidi na hawa wa pili, pamoja na wewe mwenyewe.

Usijaribu kuunda chama cha "Mto Nairobi" wote. Ni mkubwa mno. Kuna Mto Nairobi wenyewe unaoanzia kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, kuna Mathare, kuna Ngong ambao huko juu unaitwa Motoine na unaingia Bwawa la Nairobi kando ya Kibra, halafu kuna Ruiru, Kamiti, Gitathuru na Rui Ruaka. Chagua kijito kimoja, au kipande chake kilicho na watu wanaoweza kufika kwenye mkutano mmoja kwa matatu moja. Kisha nenda ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, uulize kama tayari kuna chama kwenye kipande hicho na mipaka yake iko wapi. Ulizeni kabla ya kuchapisha barua yoyote. Vyama viwili kwenye kijito kimoja ni ugomvi uliojitengenezea mwenyewe.

Hatua ya 1: Tembea mto ukiwa na wenyeji

Tembea kipande chote kwa miguu, kutoka chini kwenda juu, ukiongozana na mzee wa mtaa wa kila eneo unalopita na, ikiwezekana, mama mmoja anayefanya biashara ukingoni. Watu hawa wawili wanajua kilichofichika: bomba lililozikwa, lango la nyuma la godauni linalofunguliwa mvua ikianza, mahali lori la kunyonya maji taka linapomwaga ili kuepuka safari ya kwenda Ruai, kwenye mtambo wa kusafisha maji taka. Vaa gambuti. Usiingie majini ukiwa na kidonda, na usitembee ukingoni siku mvua imenyesha huko juu, hata kama kwenu kuna jua.

Katika safari hii usiandike majina ya watu na usipige picha za nyumba. Andika alama tu: bomba, shamba, daraja, choo, kioski, chemchemi. Sababu inafuata.

Hatua ya 2: Baraza la kwanza, na hofu ya kubomolewa

Hapa ndipo vikundi vingi huvunjikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali iliamuru watu waondoke ukingoni, na nyumba nyingi za Mathare, Mukuru na kwingineko zikabomolewa. Mkazi wa kando ya mto leo akiona mtu na tepu ya kupimia, haoni mtunza mazingira. Anaona alama nyekundu ya X ukutani kwake. Ukiitisha baraza ukaanza na hotuba ya mto safi, swali la kwanza kutoka nyuma litakuwa moja tu: "Sasa mzee, mkishapima, mtatuhamishia wapi?"

Mjibu kabla hajauliza, na umjibu ukweli. Chama cha watumiaji wa maji hakina mamlaka ya kuhamisha mtu wala kubomoa nyumba. Lakini pia usiahidi kwamba hakuna atakayehamishwa, kwa sababu huo si uamuzi wako. Eleza sheria ilivyo: Katiba, ibara ya 62, inahesabu mito kuwa ardhi ya umma. Kanuni za maji za 2007 ziliweka ukingo unaolindwa kuwa mita 6 au zaidi, kulingana na upana wa mto, hadi mita 30 kila upande. Kwa kijito chembamba, mita 6 na mita 30 ni tofauti ya mamia ya familia, na wakazi wana haki ya kujua ni kipimo gani kinatumika kwao na kimepimwa kuanzia wapi. Mwambie mkazi wazi kwamba kuwa mwanachama aliyeandikishwa, mwenye kumbukumbu za mikutano, kunampa pa kusimama siku ofisi fulani ikija na mpango wake. Hiyo ni faida ya kweli, na watu wanaielewa upesi kuliko hotuba ya samaki na ndege.

Halafu kubalianeni mbele ya wote mambo matatu ambayo chama hakitafanya: hakitachora alama kwenye nyumba, hakitampa mtu yeyote wa nje orodha ya majina ya wakazi, na hakitapiga picha ya mlango wa mtu bila ruhusa. Yaandikwe kwenye kumbukumbu za baraza, chifu asikie, yasomwe tena mkutano unaofuata.

Kuhusu mahali pa baraza: ofisi ya chifu inatoa uzito, lakini baadhi ya watumiaji hawatakanyaga pale. Wapika chang'aa wa Mathare wanatumia maji ya mto kupoza mitambo yao na kumwaga machicha humo humo. Biashara yao haina kibali, wala sikuambii uwape. Ila ni watumiaji wa maji, tena wakubwa kwa kipande kile, na mpango usiowahesabu ni mpango wa mto mwingine. Fanya mkutano mmoja kwa chifu na mmoja uwanjani au kanisani. Wasioweza kuja, watume mtu wa kuwasemea.

Hatua ya 3: Orodha ya watumiaji

Baada ya baraza, rudi ukaandike. Tumia daftari lenye safu nne: anayetumia, anachochukua, anachorudisha, na msimu. Safu ya "anachorudisha" ndiyo roho ya daftari. Mwosha magari pale darajani anachukua ndoo kadhaa na kurudisha oili na sabuni. Mkulima wa sukuma wiki na arrowroot anachukua mengi kiangazi na kurudisha mbolea na dawa. Mwenye ploti ya ghorofa hachukui chochote mtoni, lakini kama bomba lake la choo halijaungwa kwenye sewa, yeye ndiye wa kwanza kwa uharibifu na wa mwisho kujiita mtumiaji. Mwandike.

Waandike pia wasioonekana mtoni kabisa: kampuni ya maji na maji taka ya jiji, ambayo mabomba yake makuu ya sewa mengi yanapita kando ya mito, shule, zahanati, wenye mifugo, vijana wanaookota plastiki na kuuza. Hawa wa mwisho wanaujua mto kuliko mhandisi yeyote.

Hatua ya 4: Pimeni maji wenyewe

Bila namba zenu, kila mkutano utakuwa wa kulaumiana. Wa chini watasema wa juu wanachafua, wa juu watasema wa chini wanadanganya. Kipimo kinachofanywa na watu wa pande zote mbili, siku moja, kwa kifaa kimoja, kinanyamazisha nusu ya ugomvi.

Anzeni na wingi wa maji. Tafuteni mahali mto umenyooka kwa mita 10 bila mawe makubwa. Pimeni upana kwa tepu. Pimeni kina kwa ufito sehemu tano za upana huo, jumlisheni, gawanyeni kwa tano. Kisha tupeni chungwa juu kidogo ya alama ya kwanza, na mwanze kuhesabu sekunde likifika kwenye alama. Chungwa ni zuri kwa kuwa linazama karibu lote, upepo haulisukumi. Rudieni mara tatu, mchukue wastani.

Tuseme upana ni mita 4, kina cha wastani mita 0.3, na chungwa limetumia sekunde 20 kufika mita 10, yaani nusu mita kwa sekunde. 4 mara 0.3 mara 0.5 ni 0.6. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha na 0.85 upate takriban 0.51, yaani lita 510 kila sekunde. Si kipimo cha maabara, lakini kikifanywa mahali palepale kila mwezi kitawaonyesha lini maji yanapungua na baina ya vituo gani yanapotelea. Na jambo la Nairobi ambalo huwashangaza wengi: kiangazi, mara nyingine mtaona maji yanaongezeka kati ya kituo na kituo pasipo kijito kuingia. Hiyo ni sewa. Fuateni hapo.

Kwa ubora wa maji, chupa ya plastiki isiyo na rangi, iliyojazwa maji ya mto na kuwekwa juu ya maandishi, inatosha kuonyesha tope. Kifaa kidogo cha mkononi cha kupima chumvi na madini yaliyoyeyuka kitawaonyesha mahali kitu kigeni kinaingia. Bakteria wa kinyesi wanahitaji maabara. Jueni pia mpaka wa kazi hii: sampuli yenu haitatosha kumtia mtu hatiani. Kazi yake ni kumwonyesha afisa wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, pa kuja kupima na saa ya kuja.

Namba zote zibandikwe ubaoni, hadharani, penye kioski cha maji au mlango wa kanisa na msikiti. Zikikaa kwenye simu ya katibu, hazina kazi.

Hatua ya 5: Makubaliano madogo yanayokaguliwa

Sasa kaeni mkubaliane. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kuandika "wanachama watalinda mto." Hakuna anayeweza kukagua hilo. Andikeni hivi: "Waosha magari wa darajani watachimba shimo la kutenga oili kabla ya mvua za Machi. Chama kitachangia saruji. Kamati itakagua Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Asiyetimiza atasimamishwa kutumia eneo hilo hadi atakapotimiza." Kuna mtu, kazi, tarehe, msaada, mkaguzi na adhabu. Makubaliano matano ya namna hii yana nguvu kuliko katiba ya kurasa arobaini.

Adhabu zianze chini. Onyo la mdomo mbele ya mzee wa mtaa, kisha barua, kisha faini ndogo, ndipo mpeleke jambo ofisini. Anayepigwa rungu kubwa kwa kosa la kwanza hatarudi mezani, na mtamhitaji.

Kwa wakulima na wenye pampu, wekeni ratiba ya kiangazi mapema, mvua zikiwa bado zipo, kwa sababu wakati wa ukame hakuna anayesikiliza. Naivasha walitengeneza mpango wa kugawa maji kwa viwango vya rangi: kina cha ziwa kikishuka hadi kiwango fulani, kila mtu anajua tayari apunguze kiasi gani. Nanyi mnaweza kupaka rangi nguzo ya daraja, kijani, njano na nyekundu, na kukubaliana kila rangi ina maana gani kwa pampu.

Hatua ya 6: Uongozi, usajili na kutambuliwa

Vyama vingi husajiliwa kwa Msajili wa Vyama, kisha hutambuliwa na WRA. Mtahitaji katiba ya chama, kumbukumbu za mkutano wa uchaguzi na orodha ya wanachama. Ulizeni WRA wawape mfano wa katiba badala ya kumlipa mtu aandike.

Kamati igawe viti kwa sehemu ya mto: juu, katikati na chini. Wengi hugawa kwa mtaa au kwa kabila, na matokeo yake mtaa wenye watu wengi unameza kamati yote na wa chini wanabaki kulia. Kisha muangalie watumiaji: mkulima, mfanyabiashara, mpangaji, mwenye ploti. Mpangaji na mwenye ploti ni viti viwili tofauti, kwa sababu anayejaza choo siye anayelipia bomba. Jinsia moja isizidi thuluthi mbili, na mwekahazina asiwe ndugu ya mwenyekiti. MCA, yaani mwakilishi wa wadi, aalikwe kila mkutano, apewe heshima yake, lakini asiwe ofisa wa chama.

Hatua ya 7: Mpango wa bonde dogo na pesa zake

WRA itawataka muandike mpango wa usimamizi wa bonde lenu dogo. Daftari, namba na makubaliano mliyokwisha kufanya ndiyo mwili wake. Afisa wa WRA atawasaidia kuupanga. Ukikamilika unaweza kuupeleka Mfuko wa Sekta ya Maji, ambao sheria ya 2016 imeupa kazi ya kusaidia, pamoja na mengine, juhudi za jamii za kutunza rasilimali za maji. Fungueni akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu kabla pesa yoyote haijaja. Ada ya mwanachama iwe ndogo, lakini iwepo. Chama kinachoishi kwa ufadhili peke yake hufa mradi ukiisha.

Hatua ya 8: Mlango wa kubisha ni upi

Pumzi nyingi hupotea kwa kupeleka jambo ofisi isiyohusika. Anayevuta maji kwa pampu ya biashara bila kibali, au anayejenga kizuizi mtoni, ni wa WRA. Anayechota kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hahitaji kibali, msimsumbue. Kiwanda kinachomwaga maji machafu ni cha NEMA, chini ya kanuni za ubora wa maji. Sewa iliyopasuka ni ya kampuni ya maji ya jiji. Taka ngumu ni za kaunti. Vyanzo vilivyo ndani ya msitu wa Ngong au Karura ni vya Huduma ya Misitu. Tume ya Mito ya Nairobi, iliyoundwa 2022, ikiwa bado inafanya kazi, nayo ijulishwe mapema, ili mpango wake na wenu visigongane kwenye ukingo mmoja.

Kila malalamiko yawe na tarehe, mahali, namba za vipimo na ombi moja tu. Msipojibiwa, yapelekeni kwa kamati ya rasilimali za maji ya bonde, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ibara ya 70 ya Katiba inamruhusu mtu yeyote kudai haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Wakazi wengi hawajui hili, na mwanasheria wa kujitolea mara nyingi hupatikana mkiwa na kumbukumbu zilizopangwa.

Hatua ya 9: Vukeni mpaka

Kipande chenu kikishatulia, nendeni juu na chini. Mito mingi ya Nairobi inaanzia au kupitia Kiambu na kumwagikia Machakos, na mto haujui mpaka wa kaunti. Anzeni na chama cha jirani wa chini, kwa sababu yeye ndiye anayeumizwa na nyinyi, na kumtembelea kabla hajaja kulalamika kunabadili mazungumzo yote. Mpelekeeni namba zenu, hata zile mbaya. Mwombeni azilinganishe na za kwake. Kisha pamoja naye mwende kwa wa juu, mkiwa na jedwali moja lenye vituo vya watu watatu.

Mkubaliane siku moja ya kupima kwa vyama vyote, kwa mfano Jumamosi ya kwanza ya mwezi saa mbili asubuhi, na namna ya kupeana taarifa ya mafuriko: wa juu akiona maji yamepita alama nyekundu, apige simu kwa watu wawili wa chini walioteuliwa, nao wapulize filimbi mtaani. Namba za simu ziandikwe kwenye makubaliano, na zikaguliwe kabla ya mvua za Machi na tena kabla ya zile za Oktoba, maana laini hupotea na watu huhama.

Makubaliano hayo yakitiwa sahihi, tengenezeni nakala kwa WRA, kwa kaunti zote husika na kwa kila chifu wa kipande hicho. Zipelekeni kwa mkono, na kila chama kibaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.